Barafu ya Nani

Mahakamani walilitaja neno *mchepuko*
na benchi la nyuma likacheka.
Mke wa Nkwabi hakucheka. Alijifunga kitenge upya
kama mtu anayekomea mlango.

Wakili wa kiwanda akangoja kicheko kiishe,
akatandaza ramani:
Kutoka Nyakato mpaka Igombe, mheshimiwa,
hii ndiyo njia aliyotumwa.
Hapa Pasiansi alipaswa kunyoosha.
Akakata kulia. Kiseke. Kilomita mbili na robo
za shida zake mwenyewe.
Mwajiri humtuma dereva, hautumi moyo wake.

Shida zenyewe zilikuwa mifuko sita ya saruji
inayonyeshewa kiwanjani kwake,
na turubai alilolinunua asubuhi ile kwa mkopo.

Mimi ni fundi cherehani. Kupima najua.
Miaka kumi na minne futikamba imelala shingoni mwangu
na bado sijauona mshono
unaotenga siku ya tajiri na siku ya mtu.
Dereva akishuka kujisaidia kichakani,
dakika hiyo ni ya nani?
Akipigiwa simu kwamba mtoto anaharisha,
mkono mmoja sikioni, mmoja kwenye usukani,
usukani ni wa nani?
Hayo sikuulizwa.
Niliulizwa jina, Nyanzobe Lugembe, na umri,
na mguu upi.

Huu. Wa kukanyagia.

Nilikuwa barazani nageuza kola ya shati la mwalimu.
Breki zikalia kama mbuzi aliyeshikwa sikio,
lori likapanda baraza,
na barafu ikamwagika, mabonge kwa mabonge,
ikateleza mpaka mlangoni kwa muuza mkaa.
Watoto wa shule waliiokota, wakainyonya.
Hakuna aliyeuliza ni barafu ya nani.
Nililala katikati yake. Nakumbuka baridi
ilitangulia maumivu.
Nakumbuka pia taa za mbele:
zilikuwa zimeelekea ziwani.

"Alikuwa anarudi kwenye njia yake," nikasema.
"Kurudi si kufika," akajibu wakili.
Ni kweli.
Lakini na kuchepuka si kuhama.

Nkwabi alipoitwa alisimama na karatasi moja
iliyokunjwa mara nne, imeshika jasho.
Hakuileta kujitetea. Alitaka hakimu aone
kwamba hana cha kunilipa,
mshahara wake umeshakatwa.
Hakimu akavaa miwani, akasoma kimya,
kisha akasoma kwa sauti:
*Unakatwa thamani ya mabonge thelathini na manane ya barafu,
mali ya kampuni, yaliyopotea ukiwa kazini.*

Akavua miwani. Akaivaa tena.
*Ukiwa kazini*, akarudia, polepole,
kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Feni ilizunguka.
Wakili aliitafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwake.

Dakika ile ile, pale pale, lori lile lile:
barafu ilikuwa kazini,
mguu wangu ndio uliokuwa matembezini.

Hukumu ni mwezi ujao, au ule mwingine;
karani ana homa.
Nimerudi barazani. Kabula wa jirani anakanyaga,
mimi naongoza kitambaa.
Kuna wakati tunapishana, sindano inakatika,
anacheka, nami nacheka.
Usiku mguu unakanyaga peke yake
chini ya shuka, unashona sijui nini.

Jumapili Nkwabi alikuja.
Siku hizi anaponda kokoto, suruali imempwaya kiunoni.
Akaniwekea mezani, hakusema kitu.
Nikampima. Nikamtajia bei.
Akalipa.
Nikahesabu chenji, nikamrudishia yote.